Kabla hujatuma kamera ya joto nyumbani kutoka Marekani

Wale mlioko Marekani mnaotaka kuwatumia ndugu kamera ya joto, zile za kumuona fisi au mwizi gizani, msiitupie tu kwenye pipa la mzigo. Serikali kule inaihesabu ni kitu kinachoweza kwenda vitani, na hata ukiibeba mwenyewe kwenye begi la ndege bado umeexport.

Kwanza geuza boksi utafute palipoandikwa Hz, yaani picha ngapi kwa sekunde. 9 kushuka chini masharti huwa mepesi, 30 au 60 ndo mara nyingi unaangukia kwenye kundi zito la 6A003 la orodha ya Marekani ya vitu vinavyodhibitiwa kutoka nje. Mi nilibaki kidogo ninunue ya 30 sababu ilikuwa ofa na picha inateleza vizuri, kumbe ule utelezi ndo unaowatia wasiwasi, maana ya 9 inakatakata, kufuatilia kitu kinachokimbia ni shida. Ya kufunga kwenye bunduki hata usiiguse.

Halafu muandikie mtengenezaji, sio muuzaji wa dukani yule hajui kitu, muombe namba ya ECCN, yaani namba ya kundi la kifaa kwenye orodha hiyo, kama ile 6A003. Ile 6 ya mwanzo ni sensa na leza, A ni kifaa chenyewe, ingekuwa D ni programu na E ni utaalamu, kwahiyo hata mchoro wa kiufundi kwa imeili unaweza kuhesabika. Ukijibiwa EAR99, yaani kifaa hakina namba yake kwenye orodha hiyo, pumua, mara nyingi haihitaji leseni ya kuexport.

Ukipata namba fungua jedwali la nchi la BIS, ofisi ya Wizara ya Biashara, shuka mpaka mstari wa Tanzania au Kenya, ukikuta X kwenye safu ya sababu ya udhibiti iliyotajwa kwenye namba yako basi leseni inahitajika, labda kuwe na msamaha. Kuomba ni mtandaoni na serikali haichaji hata senti, anayekudai "hela ya leseni" anajilipa mwenyewe.

Jina la mpokeaji nalo lipitishe kwenye listi ya waliozuiwa, ipo bure trade.gov, na kwa majina yetu jaribu spelling zote, Mohamed, Muhammad, Mohammed.

Na wale wa kupitishia Dubai, sheria inakifuata kifaa. Kikitoka Dubai kwenda Goma bado ni cha Marekani, na Kongo iko kwenye listi yao ya vikwazo vya silaha.

Ile imeili ya ECCN iprinti uiweke na risiti, kumbukumbu zinatakiwa zikae miaka 5.