Somo: Neno hili lina kazi gani katika sentensi ya Kiingereza?

Andika kwenye daftari: "Watoto wameyala mahindi." Sasa igeuze: "Mahindi wameyala watoto." Hata hapa soko la Virunga, Goma, hakuna atakayeuliza nani kala nini, kwa sababu wa- imewashika watoto na -ya- imeyashika mahindi. Kiingereza hakina kamba hizo. "The children ate the maize" ukiigeuza kuwa "The maize ate the children", basi mahindi ndiyo yamekula watoto. Kazi ambayo kwetu hufanywa na viambishi, huko hufanywa na mahali neno lilipokaa.

Hatua ya 1: tafuta kitenzi kwanza, wala usianze na neno la kwanza la sentensi. Badili wakati uone neno lipi linabadilika. "She sells sambaza every day." (Sambaza ni wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu.) Ukianza na "yesterday" unapata "Yesterday she sold sambaza." Lililobadilika ndilo kitenzi. Machache kama "put" na "cut" hayabadiliki kwa jana. Hayo yajaribu katika wakati uliopo ukiweka "she" mbele yake, yatachukua -s.

Hatua ya 2: uliza "nani?" au "nini?" mbele ya kitenzi. Jibu lake ndilo kiima. Hapa ndipo sisi tunaanguka zaidi. "Anauza" ni neno moja lenye mtu ndani yake; Kiingereza kinamtaka mtu huyo asimame peke yake: "She sells." Hata "inanyesha" inakuwa "It is raining", na hiyo "it" haisimamii kitu chochote, inajaza kiti tu kama "il pleut" ya Kifaransa. Ni amri tu inayokaa bila kiima: "Come!" Kosa la upande wa pili ni kukitaja mara mbili: "My brother he works in Sake." Hiyo "he" ni ile a- ya "anafanya" iliyotufuata. Ifute.

Hatua ya 3: shamirisho, yaani kile kinachotendwa, hukaa nyuma ya kitenzi, na usitie kielezi katikati yao. "J'aime beaucoup" ya Kifaransa hutufanya tuseme "I like very much sambaza." Sema "I like sambaza very much."

Hatua ya 4: sasa ndipo utaje aina za maneno. Kivumishi kwa kawaida hutangulia nomino na hakichukui wingi: "two big houses". Si "houses big", wala "bigs" kwa kufuata Kifaransa. Vielezi vingi huishia na -ly, ila "friendly" ni kivumishi. Na usiitegemee kamusi peke yake: katika "The water is cold" neno "water" ni nomino, katika "We water the beans" ni kitenzi. Umbo ni lilelile. Kiti ndicho kimebadilika.

Kwa mazoezi, chukua biki mbili na sentensi 5. Nyekundu chini ya kitenzi, ya buluu chini ya kiima.

Maswali ya wanachama (kila mmoja kwa jina la mtaa wake wa Goma)

Katindo: Aksanti mwalimu. Juu ya nini "I have 20 years" inakataliwa, na sisi tunasema nina miaka 20?
Jibu: Kiswahili na Kifaransa vyote viwili vinakuvuta huko, ndiyo maana kosa hili ni sugu. Umri hutumia "be": "I am 20 years old." Ukisema "I have 20 years", msikilizaji atangoja useme ni miaka 20 ya nini.

Majengo: "Does she sells?" ni sawa?
Jibu: Hapana. "Does she sell?" Alama ya nafsi imeshabebwa na "does", kwa hiyo kitenzi kikuu kinabaki kitupu. "Did she sold?" ni kosa la aina hiyohiyo: wakati umeshabebwa na "did".

Himbi: Mwalimu, sentensi ikiwa na vitenzi viwili nianzie wapi? "The woman who sells sambaza lives in Himbi."
Jibu: Funika kwa kidole kuanzia "who" hadi "sambaza". Kinachobaki, "The woman lives in Himbi", kinasimama chenyewe, basi kitenzi kikuu ni "lives". Ukifunika "lives in Himbi" badala yake, unabaki na "The woman who sells sambaza", na msomaji bado anauliza: amefanya nini?