Mwanamume mwenye VVU anayetaka mtoto: kabla ya kufikiria kuosha shahawa

Mwanamume anayeishi na VVU hapa Uganda, akikubaliana na mkewe asiye na virusi kutafuta mtoto, asikimbilie kliniki ya uzazi ya Kampala, bali aanzie katika kituo anachochukulia dawa zake za ARV na kuomba kipimo cha wingi wa virusi katika damu. Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona watu wakiuza ng'ombe ili walipie kuosha shahawa, yaani kutenganisha mbegu na majimaji yenye virusi katika maabara, huduma ambayo pengine hawakuihitaji.

Akiwa amemeza dawa kila siku kwa miezi sita au zaidi, na kipimo kikaonyesha virusi chini ya nakala 200 kwa mililita, hatamwambukiza mkewe kwa njia ya kujamiiana. Utafiti wa PARTNER, uliochapishwa mwaka 2016 baada ya kufuatilia jozi 888 za wenzi barani Ulaya, haukupata hata mtu mmoja aliyeambukizwa na mwenzi wake aliyekuwa katika hali hiyo. Basi wenzi hao wanaweza kuacha kondomu na kukutana siku chache kabla ya yai kupevuka, yaani karibu na siku ya 14 kwa mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28. Ikiwa virusi bado havijafubazwa, kondomu iendelee kutumika na mimba isubiri. Wakati huohuo mke aulizie PrEP, dawa kinga ambayo ufanisi wake ulithibitishwa mwaka 2012 kwa jozi zaidi ya 4,700 za wenzi wa Kenya na Uganda.

Kuosha shahawa kunawafaa wale ambao virusi vyao havishuki licha ya dawa, au ambao mbegu zao ni chache au dhaifu. Njia hii, ambayo Augusto Semprini na wenzake wa Milan, Italia, waliieleza mwaka 1992, inategemea jambo moja: virusi hukaa hasa katika majimaji ya shahawa na katika chembe nyeupe, si katika mbegu yenyewe. Maabara huzungusha shahawa kwa kasi katika mashine ili mbegu zitengane na majimaji, huzisuuza, kisha huzichagua zile zinazoogelea vizuri; sehemu yake hupimwa kwa PCR, yaani kipimo kinachotafuta vinasaba vya virusi, na zikionekana salama hupandikizwa katika mji wa mimba au hutumika kurutubisha yai nje ya mwili. Kwa hiyo kuosha huku hakuhusiani kabisa na kujisafisha kwa sabuni au dawa yoyote nyumbani, jambo ambalo halizuii maambukizi. Kabla ya kulipa, aulize kama kliniki hupima mbegu hizo kwa PCR baada ya kuziosha, na asiache ARV hata siku moja.

Mimba ikishatunga, mke apimwe VVU katika hudhurio la kwanza la kliniki ya wajawazito, arudie kipimo kadiri mkunga atakavyomwelekeza hadi wakati wa kunyonyesha, na mume afuatane naye.