SOMO: Limfu inavyopanda kutoka mguuni, na kazi ya mwenye matende

Damu ina moyo wa kuisukuma. Limfu, yaani maji yanayovuja kutoka kwenye damu na kuzolewa na mishipa yake, haina; mishipa hiyo hujiminya yenyewe.

Hatua ya 1. Damu ikipita kwenye mishipa midogo kabisa, maji huvuja na kubaki katikati ya seli. Mishipa ya limfu huyazoa, lita 2 hadi 3 kwa siku kwa mtu mzima.

Hatua ya 2. Hapa ndipo penye ufundi. Mshipa wa limfu umegawanyika vipande vipande, na kila kipande kina vali inayofunguka kuelekea juu tu. Kipande kikijaa kinatanuka, misuli ya ukuta wake inajiminya, maji yanapanda kipande cha pili, vali inajifunga nyuma yake. Kisha tena, mara kadhaa kwa dakika, hata ukiwa usingizini.

Hatua ya 3. Ukitembea, shavu la mguu linakaza na kuikamua mishipa hiyo. Ukivuta pumzi ndefu, kifua nacho kinavuta. Limfu hupita kwenye tezi za kinena, hupanda kifuani, na kurudi kwenye damu karibu na mtulinga wa kushoto.

Minyoo ya matende, inayoenezwa na mbu, hukaa humo humo mishipani. Mishipa inalegea na kupanuka, vali hazikutani tena, maji yanashuka.

Hatua ya 4. Osha mguu kila siku kwa sabuni na maji safi, hadi katikati ya vidole, ukaushe taratibu. Ukikaa, kunja na kunjua kifundo. Ukilala, uinue kwa mto. Mimi kuosha nakuweka mbele ya yote, kwa sababu bakteria wakipenya kwenye mchubuko mdogo tu, kila shambulio linaiharibu mishipa zaidi.

MASWALI YA WANACHAMA

– Shikamoo mwalimu. Dawa za kampeni ya matende nameza kila mwaka, mbona mguu haupungui?

– Marahaba. Dawa zile zinaua vijiminyoo vilivyomo kwenye damu, mbu asiwapelekee wengine. Vali iliyokwisha kuharibika haziijengi upya. Endelea kumeza, na mguu uoshe.

– Naweza kumkanda mama kwa nguvu?

– Usitumie nguvu. Mishipa mingi ya limfu iko chini ya ngozi tu.

– Tangu asubuhi mguu wake umekuwa mwekundu, una moto, na ana homa. Aendelee na mazoezi?

– Hapana dada, asimamishe. Alale, mguu uwe juu, muwekee kitambaa cha maji baridi, anywe maji kwa wingi. Mpeleke kituo cha afya leo hii, usingoje kesho.