Kutuliza mkondo wa filta kwenye tangi la aksoloti

Aksoloti, yule salamanda wa majini, akikunja matamvua kuelekea mbele, ncha ya mkia ikajipinda na chakula akawa hakitaki, usikimbilie dawa. Pima kwanza sumu zinazotokana na uchafu majini: amonia sifuri, nitraiti sifuri. Maji yakiwa salama, mtuhumiwa anayefuata ni filta. Kwao aksoloti ni Xochimilco, kusini mwa jiji la Mexico, kwenye mifereji ya maji yaliyotulia. Hakuumbwa kushindana na mkondo usiku na mchana.

Kupima nguvu ya mkondo ni rahisi. Dondosha punje ya chakula katikati ya tangi. Ikizama palepale, uko vizuri. Ikisombwa hadi kioo cha pili, kuna kazi.

Anza na kisichokugharimu kitu: geuza mdomo wa filta utazame kioo cha nyuma. Kama filta yako imening'inizwa ukingoni na inamwaga maji kama maporomoko, ongeza maji tangini hadi yakaribie mdomo wake. Lakini weka kifuniko, maana hawa viumbe huruka nje.

Aksoloti wangu, Kibogoyo, ana filta ya ndani, na kugeuza mdomo hakukutosha. Nikachukua chupa tupu ya maji ya nusu lita, nikaitoboa ubavu mzima kwa msumari wa moto. Toboa matundu mengi: maji yaleyale yakitokea mahali pengi hupoteza kasi. Matundu yakiwa machache, maji yatatoka kwa nguvu kama bomba la kuoshea gari. Piga msasa kila tundu mpaka kidole kisikwaruzike, kwa kuwa ngozi yake ni laini mno. Suuza chupa vizuri, jaza vipande vya sponji ngumu isiyo na sabuni, kisha vesha shingo ya chupa kwenye mdomo wa filta na uikaze kwa ule mkanda wa plastiki wa kufungia nyaya. Chomoa umeme kabla ya kutia mkono majini, tafadhali.

Unachopunguza ni upande wa kutoa maji. Wengine huziba upande wa kuvuta, pampu ikahangaika na kupata joto, wakati sisi tunatafuta maji ya nyuzi 16 hadi 18. Sponji nyepesi pale kwenye kuvuta ni sawa, inazuia matamvua yasinyonywe.

Sponji zikijaa uchafu, zikamue ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa tangini. Usizipeleke bombani. Huku Birmingham maji ya bomba yana dawa, na dawa hiyo huua bakteria wanaokula amonia.

Punje ikiendelea kusombwa baada ya yote hayo, hiyo pampu ni kubwa kwa tangi lako. Nunua filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa, yenye ukubwa unaolingana na lita zako, na kikoki kidogo kwenye mrija wa hewa ili uchague mwenyewe mapovu yapande kwa kasi gani.