Novemba kisiwani Iceland: panga safari kwa mwanga, si kwa kilomita

Wanachama wenzangu, tangu nirudi, kila kikao cha chama chetu hapa Nakuru huishia kwenye swali moja: ulifanyaje? Nimeandika somo hili ili mwenye nia aanze kujiandaa sasa, maana safari hii haitaki pupa.

Hatua ya kwanza: hesabu mwanga kabla ya tiketi

Sisi tunaishi kando ya ikweta. Jua letu huchomoza na kuzama kwa saa zilezile karibu mwaka mzima, na ndiyo maana tunahesabu saa kuanzia macheo. Kule Reykjavík, mji mkuu wa Iceland, hesabu hiyo inavurugika. Novemba mosi jua huchomoza saa tatu asubuhi na dakika chache, likazama baada ya saa kumi na moja jioni. Mwisho wa mwezi hutoka karibu saa tano kasorobo, na ifikapo saa kumi alasiri limeshatua. Mwanga wa saa 5 tu! Likizo ya siku 7 basi si siku 7. Ni saa 35 za kuona kitu ukienda mwishoni mwa mwezi, au 55 hivi ukienda mwanzoni. Mimi na mke wangu tulichagua wiki ya kwanza, na ningeichagua tena.

Giza nalo lina zawadi yake. Mianga ya kaskazini, ile mianga ya rangi inayocheza angani usiku, huonekana tangu Septemba hadi Aprili, mradi anga liwe jeusi na mawingu yasiwepo. Tulilala huko usiku sita, tukaiona usiku mmoja. Mke wangu alisimama nje, blanketi la hoteli mabegani, ukanda wa kijani ukipepea juu kama pazia la dirisha lililoachwa wazi. Hakusema neno mpaka ulipofifia.

Hatua ya pili: visa

Iceland imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, tangu 2001. Haina ubalozi Nairobi, kwa hiyo maombi hupokelewa na nchi nyingine kwa niaba yake. Tazama tovuti rasmi ya serikali ya Iceland ujue ni ipi. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na usichelewe kupita siku 15 kabla yake. Ada ya mtu mzima ni yuro 90. Bima ya safari ifikie angalau yuro 30,000, na pasipoti ibaki na uhai wa miezi 3 baada ya siku ya kuondoka huko.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Ombi langu la kwanza lilikataliwa. Wiki moja kabla ya kuomba nilikuwa nimeweka mgao wangu wa chama benki kwa mkupuo, bila karatasi yoyote ya kueleza pesa zimetoka wapi. Mara ya pili niliambatisha barua ya mweka hazina wetu na rekodi ya michango yangu, nikapewa.

Hatua ya tatu: ndege na mavazi

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Kenya. Unganisha Amsterdam, Paris au Frankfurt. Ukipitia London huenda ukatakiwa visa ya pili. Uwanja wa Keflavík uko kilomita 50 hivi kutoka Reykjavík, na basi lipo.

Adui wako ni upepo kuliko baridi. Nyuzi za joto zenyewe hucheza kwenye 1 hadi 3, lakini mvua inakuja kutoka ubavuni. Mwavuli uache nyumbani. Koti lisilopitisha maji, fulana na soksi za sufu, boshori na glavu: zote nilizipata kwa mitumba hapa mjini.

Hatua ya nne: chagua machache

Barabara inayozunguka kisiwa ina zaidi ya kilomita 1,300. Novemba iache. Kaa Reykjavík, utoke kwa siku. Nenda Þingvellir, ambako ardhi inapasuka kama Bonde letu la Ufa na ambako bunge lao lilianza kukutana mwaka 930. Endelea hadi Geysir, ambako chemchemi ya Strokkur hurusha maji ya moto kila baada ya dakika 5 hadi 10. Aliyewahi kufika Bogoria ataijua harufu ile. Hata bomba la maji moto hotelini linanukia hivyo. Na tukumbuke kwamba wahandisi wetu wengi wa mvuke wa Olkaria walisomea kazi hiyo Iceland.

Siku nyingine fuata pwani ya kusini hadi Vík. Kwenye ufuo mweusi wa Reynisfjara kaa mbali na maji. Wimbi moja huja refu ghafla kuliko mengine, na limeshaua watu.

Maswali ya wanachama

Mama wa Section 58: Mwalimu, tukodi gari?

Mama, kama hujawahi kuendesha kwenye barafu, panda basi la watalii. Wao huendesha kulia, na upepo unaweza kung'oa mlango ukiufungua vibaya. Bima nyingi hazilipi hasara hiyo. Ukikodi, soma vedur.is (hali ya hewa) na umferdin.is (hali ya barabara) kila asubuhi.

Kijana wa Lanet: Na Blue Lagoon?

Hilo bwawa maarufu la maji moto liko karibu na Grindavík, mji uliohamishwa watu Novemba 2023, na volkano imelipuka hapo mara kadhaa tangu Desemba ile. Hakikisha liko wazi kabla ya kulipa. Mabwawa ya mtaani yana maji moto vilevile, kwa bei nafuu sana.

Dada wa Njoro: Ni kweli mnaoga uchi kwanza?

Kweli, dada. Kabla ya kuingia bwawani lazima uoge kwa sabuni bila vazi la kuogelea, wanawake kwao na wanaume kwao. Mke wangu aliona haya siku ya kwanza. Siku ya pili alinitangulia.

Mzee wa Free Area: Chakula?

Ghali, mzee wangu. Tafuteni chumba chenye jiko, na maji ya bomba baridi nyweni bila wasiwasi. Supu yao ya kondoo inashibisha.

Makoti yetu mawili bado mazima. Nitayaleta kikao cha Jumamosi. Anayelingana nasi kimo ajaribu.