Kuutembelea Mji wa Nchi za Joto Bila Gari: Kivuli Kwanza, Ramani Baadaye

Mgeni anayefika katika mji wa nchi za joto bila gari kwa kawaida huanza kwa kufungua ramani na kupanga sehemu za kuona kwa kufuata ukaribu wake. Ningemshauri aanze na jua. Katika ukanda wa tropiki, kilomita 2 za saa moja asubuhi na kilomita 2 za saa saba mchana si mwendo mmoja, na anayetembea kwa miguu au kusubiri basi kituoni huihisi tofauti hiyo mwilini, ilhali aliyefunga vioo vya gari na kuwasha kiyoyozi hana habari nayo.

Kinachochosha zaidi ni unyevu wa hewa. Mwili hujipoza kwa jasho linalokauka juu ya ngozi, lakini hewa ikijaa mvuke jasho hutiririka bila kukauka na joto hubaki ndani. Nyuzijoto 32 zikiambatana na unyevu wa asilimia 70 huhisiwa kama nyuzijoto 41 hivi, na hiyo ni hesabu ya mtu aliye kivulini. Mwili huzoea, ila huchukua wiki moja hadi mbili, muda ambao wageni wengi hawana. Kwa hiyo siku za mwanzo zipangiwe mwendo mfupi, hata kama unajiona una nguvu. Na ukianza kusikia kizunguzungu, kichefuchefu au kichwa kuuma, acha kutembea papo hapo, tafuta mahali penye ubaridi na unywe maji kidogo kidogo.

Ratiba inayofaa hujigawa yenyewe. Tangu kunapopambazuka hadi kama saa nne ni wakati wa miguu: masoko, mitaa ya kale, bustani. Kuanzia saa tano hadi saa tisa, kipimo cha miale ya urujuanimno, yaani miale ya jua inayounguza ngozi, kinapoweza kufika 11 na zaidi, ambalo ndilo daraja la juu kabisa, ingia makumbusho au maktaba, au fanya safari ndefu kwa treni. Saa kumi ikifika unaweza kurudi nje, hasa kama mji uko pwani, kwa sababu nchi kavu hupata joto haraka kuliko bahari na tofauti hiyo huvuta upepo kutoka majini mchana.

Unapotembea, jifunze upande wa kuupita. Katika barabara inayokwenda kaskazini na kusini, asubuhi kivuli huwa upande wa mashariki, chini ya kuta zinazolikinga jua linalopanda, na baada ya saa sita huhamia upande wa magharibi. Barabara ya mashariki na magharibi ni ngumu zaidi: karibu na ikweta, mwezi Juni jua hupita upande wa kaskazini, hivyo njia ya miguu ya kaskazini ndiyo hupata kivuli, Desemba mambo hugeuka, na mwishoni mwa Machi na Septemba jua hupita utosini na kuiacha barabara hiyo wazi karibu siku nzima. Hesabu hiyohiyo hutumika ndani ya basi. Ukielekea kaskazini asubuhi kaa kushoto, ukielekea kusini kaa kulia, la sivyo jua la dirishani litakuchoma shingo muda wote mtakaokaa kwenye foleni. Miji mingi ya kale ilijengwa kwa kulijua jambo hili. Mpango wa mji wa Singapore wa mwaka 1822 uliagiza nyumba za mjini ziwe na baraza iliyoezekwa na iliyo wazi kwa wapita njia, na hadi leo mtu anaweza kupita mitaa kadhaa ya huko chini ya mabaraza hayo, akikingwa jua na mvua kwa pamoja. Ukikuta mitaa ya namna hii, ifuate hata kama inakuzungusha kidogo.

Kuhusu usafiri, mji wenye mto, mfereji au ghuba uanze kwa maji. Boti ya abiria haikai kwenye foleni ya magari, ina upepo, na hukuonyesha mji kwa upande ambao barabara haiufikii. Boti za mto Chao Phraya na za mfereji wa Saen Saep mjini Bangkok ni usafiri wa watu waendao kazini, na mgeni hupanda kama wao. Kwa mabasi madogo, muulize abiria mwenzako nauli kabla kondakta hajakufikia, uwe na pesa ndogo mkononi, na utaje kituo kwa alama inayojulikana, kama hospitali au soko, kwa kuwa majina ya mitaa yaliyo kwenye ramani mara nyingi hayatumiwi na mtu. Ukiweza, pandia kituo cha mwanzo, ambako utapata kiti na kuchagua upande. Pikipiki ya abiria ni ya mwendo mfupi tu, kwa kofia ngumu iliyofungwa kidevuni, na kamwe si wakati wa mvua.

Mvua yenyewe mara nyingi huja alasiri, baada ya joto la mchana kukusanya mawingu. Ukisikia ngurumo, radi iko karibu vya kutosha kukudhuru. Ingia ndani ya jengo na usubiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Usivuke maji yanayokimbia barabarani. Sentimita 15 zinatosha kumwangusha mtu mzima, na chini yake huenda kuna mtaro uliofunuka usioonekana.

Jambo la mwisho la kupanga ni kurudi. Jua la ikweta hushuka wima, na giza huingia ndani ya nusu saa hivi baada ya machweo. Kabla hujatoka asubuhi, uliza boti au basi la mwisho huondoka saa ngapi, andika jina la kituo chako, na uwe kituoni mapema kabla ya saa hiyo.