Kukata uzi wa M10 kwa dai ya bei nafuu bila kuvunja meno

Dai ni kifaa chenye tundu la meno kinachokata uzi wa nje kwenye fimbo; M10 ni uzi wa kipenyo cha milimita 10. Dai nyingi za seti za bei ya chini ni za chuma cha kaboni. Zinakata vizuri chuma laini, shaba na alumini, ila hazivumilii kulazimishwa: meno yake hayapindi, yanamegeka.

1. Ijaribu dai kwanza. Pitisha tupa kuukuu kwenye ubavu wake, usiguse meno. Tupa ikiteleza, chuma kimekomazwa. Ikiuma, irudishe dukani. Kisha ingiza bolti mpya ya kiwandani kwa vidole. Ipite bila kukwama wala kuchezacheza.

2. Hakikisha nafasi ya uzi, yaani umbali wa jino hadi jino kwa milimita. M10 ya kawaida ni 1.5, lakini bolti nyingi za M10 kwenye magari ya Kijapani ni 1.25. Pima nafasi 10 za uzi: milimita 15 ni 1.5, milimita 12.5 ni 1.25. Ukichanganya, nati itaingia mizunguko michache kisha igome, na dai italaumiwa bure.

3. Andaa fimbo, maana hapa ndipo dai nyingi hufia. Kipenyo kiwe milimita 9.8 hadi 9.9, ikiwa 10.1, meno yanabeba chuma kupita uwezo wake. Nondo iache kabisa: mbavu zake zinapiga jino moja moja. Chonga ncha kwa tupa, mshazari wa digrii 45, hadi ibaki milimita 8.

4. Bana fimbo wima kwenye jiliwa. Tia dai kwenye mkono wake wa kuizungushia. Kama dai ina mpasuo ubavuni, kaza skrubu ya katikati ya mkono huo ili dai ipanuke kidogo. Kwa kawaida upande wenye maandishi ndio unaotangulia.

5. Tia oili. Kandamiza sawasawa kwa mizunguko miwili, kisha simama upime kwa skwea pande mbili. Dai ikianza kombo, usijaribu kuinyoosha njiani. Kata ncha uanze upya. Ikiwa sawa, acha kukandamiza: nenda nusu mzunguko, rudi robo ili chenga zikatike. Mkono ukihisi ugumu wa ghafla, toa dai, isafishe kwa brashi, ongeza oili. Kwa alumini tumia mafuta ya taa. Shaba ya njano hukatwa kavu.

6. Kwa dai yenye mpasuo, legeza skrubu ya katikati, kaza za pembeni kidogo ili dai ijibane, pitisha tena. Jaribu nati kila baada ya kukaza.

Dai za pembe sita zisizo na mpasuo zitunze kwa kusafishia uzi ulioumia. Kuanzishia uzi mpya zinachosha mkono na kuchana chuma.